Kama karatasi yako imeandikwa "maumivu ya bega" tu, rudi ndani

Leo hakuna vichekesho. Kuna kitu kimenikaa kooni tangu Agosti, na nikiendelea kunyamaza nitaanza kukasirikia watu wasiohusika. Juzi nilimfokea makanga wa Makutano ambaye hakunikosea chochote.

Besti yangu ana mfupa uliokufa begani. Umesoma vizuri. Yeye mwenyewe yuko hai, anakula chapati zangu bila kuulizwa, lakini mfupa wa mkono wake wa kulia, pale juu kwenye kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya bega, kuna sehemu imekufa. Amenipa ruhusa niandike bila kumtaja jina. Na kabla hamjajaza komenti na "pole", hajaomba pole. Naandika kwa sababu ilichukua miezi 11 mtu kuandika jina la ugonjwa wake kwa karatasi. Miezi hiyo yote karatasi zake zilisema kitu kimoja tu: maumivu ya bega.

Maumivu ya bega si ugonjwa. Hiyo ni ile sentensi yeye mwenyewe alisema akiingia mlangoni! Ni kama upeleke simu kwa fundi, umwambie haiwaki, akuandikie risiti: "Haiwaki. Shilingi 800." Unalipa, unaenda nyumbani na simu yako isiyowaka.

Sasa stori yenyewe. Besti ni mwanafunzi hapa kampasi, kwao ni upande wa Magharibi, na analipa kodi ya keja kwa kusuka. Wikendi moja anaweza kusuka watu watatu, na kama umewahi kusuka nywele za mtu mrefu aliyekaa kwa kiti kirefu unajua mikono inakaa juu saa ngapi. Kwa hivyo bega lilipoanza kumuuma Septemba, sote tulisema ni kusuka. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema. Mathe wangu akaleta mafuta ya kuchua kutoka Gakoromone. Alikandwa, akapiga kelele, tukacheka.

Lakini uchovu wa kazi huisha ukilala. Hii ilikuwa inamwamsha saa tisa usiku. Maumivu yalikuwa ndani kabisa, anasema kama jino, na hakuweza kulalia upande huo. Akaenda kliniki moja (siitaji, na msiniulize kwa inbox), akadungwa sindano ya diklofenaki, akapewa tembe, akaandikiwa mapumziko. Wiki mbili akawa fiti. Kisha akarudi. Akadungwa tena. Mwezi wa pili akapigwa eksrei, ikatoka safi, akaambiwa mfupa hauna shida, ni misuli. Kuanzia hapo ile eksrei ikawa kama hukumu ya mahakama. Kila akienda mahali akisema anaumwa, anaulizwa kama alipigwa eksrei, anasema ndio, ilikuwa safi, na maongezi yanaishia hapo.

Kuna jambo moja hakuwa anasema, na amekubali niliseme. Besti ana siko seli, selimundu kwa Kiswahili cha vitabu. Amezaliwa nayo. Alipotoka nyumbani aliamua hapa Meru hakuna mtu atamjua kama "yule mgonjwa". Hivyo kwenye zile ziara za kwanza, akiulizwa kama ana ugonjwa wowote wa kudumu, alikuwa anasema hapana. Mimi sikumlaumu na sitamlaumu. Lakini pia hakuna aliyemuuliza mara ya pili, hata alipofika mara ya nne na macho yana umanjano.

Hapa lazima nieleze kidogo, vumilieni. Mfupa si jiwe. Ni kitu hai, una damu inayozunguka ndani yake. Kichwa cha ule mfupa wa juu wa mkono kinaletewa damu na mishipa michache midogo inayozunguka shingo ya mfupa. Mishipa hiyo ikiziba au ikikatika, seli za mfupa zinakosa hewa na chakula, zinakufa. Kwa mtu wa siko seli, chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinakuwa ngumu, zinakwama kwenye mishipa midogo. Nyonga ndiyo huathirika zaidi, na bega linafuata. Madaktari wanaandika herufi tatu: AVN. Zikariri.

Na mbona ilichelewa kugunduliwa hapa kwetu? Nina nadharia yangu, na inatoka kwenye historia. Mwaka wa 1949 jamaa mmoja anaitwa Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alizunguka nchi akikusanya damu za watu. Aligundua kwamba Pwani na kando ya Ziwa Victoria zaidi ya asilimia 20 ya watu wana chembe moja ya urithi wa siko seli, na nyanda za juu ni chini ya asilimia 1. Mwaka wa 1954 akaeleza sababu: ukibeba chembe moja tu, inakukinga na malaria kali. Ukirithi mbili, ndio unaugua. Kwa hivyo hapa karibu na Mlima Kenya, penye baridi na malaria kidogo, mtu anaweza kufanya kazi kliniki miaka mingi bila kuona wagonjwa wengi wa siko seli. Sawa. Lakini Kaaga sasa ni mji wa kampasi. Watu wanatoka Busia, Kilifi, Homa Bay, Kakamega. Damu zetu zimehamia huku na sisi. Swali la siko seli linafaa kuulizwa hapa kama linavyoulizwa Kisumu.

Turudi kwa ile eksrei "safi". Haikuwa ya uongo. Ilipigwa mapema tu. Mwanzoni kabisa AVN haionekani kwa eksrei, kwa sababu mfupa uliokufa bado una umbo lake, kama mti uliokauka ambao bado umesimama. MRI ndiyo inaona mapema. Madaktari wanapima kwa hatua tano, mpango uliotolewa na daktari anaitwa Cruess mwaka wa 1978. Hatua ya kwanza eksrei haina kitu. Ya pili kunaonekana sehemu nyeupe nyeupe zilizokazana, lakini kichwa bado ni duara kama mpira. Ya tatu kunatokea mstari mwembamba uliopinda kama hilali chini ya uso wa mfupa, na hilali hiyo haimfurahishi mtu, inamaanisha mfupa umeanza kuvunjika kutoka ndani. Ya nne mpira unabonyea. Ya tano ubovu unafika hadi kwa kisahani kile kichwa kinapokaa, kiungo chote kinaharibika.

Kwa hivyo mtu akikwambia eksrei ya Novemba ilikuwa safi na sasa ni Julai na bado hulali, jibu ni kwamba Novemba ilipita.

Julai ile baridi yetu ikaja, na baridi na siko seli hazipatani. Besti akapata maumivu ya mwili mzima, tukamkimbiza hospitali usiku, na huko ndiko tulikutana na afisa wa kliniki mmoja kijana, sidhani ametuzidi miaka mitano. Huyo jamaa alifanya kitu ambacho hakuna mwingine alikuwa amefanya. Aliketi akasoma. Karatasi zote, moja baada ya nyingine, zile zenye madoa ya chai na ile iliyokunjwa mara nane. Kisha akauliza, "Siko seli iko wapi hapa? Mbona hakuna mahali imeandikwa?" Besti akaanza kulia, si kwa maumivu.

Alipimwa kwanza homa na damu, kwa sababu mtu wa siko seli akiumwa mfupa lazima uhakikishe si maambukizi ndani ya mfupa, ambayo yanafanana sana na haya na yanataka dawa tofauti kabisa. Eksrei mpya ikaonyesha weupe. Akaombewa MRI. Na hapo ndio nikaanza kuelewa kwamba karatasi si mambo ya ofisi tu, ni sehemu ya matibabu.

Ombi la kwanza kwa bima (anatumia ya kazi ya babake, siitaji pia) lilirudi. Sababu? Fomu iliandikwa "maumivu ya bega". Yaani kuna mtu amekaa mahali na kompyuta, hajawahi kumwona besti, hajui analia usiku, anachoona ni maneno matatu na msimbo. Kuna kitabu cha misimbo ya magonjwa ambacho dunia nzima inatumia, kinaitwa ICD, cha Shirika la Afya Duniani. Kwenye toleo la kumi, maumivu ya kiungo ni M25.5. Mfupa uliokufa ni M87, na kuna tofauti ndani yake: kama umetokana na dawa ni M87.1, kama umetokana na jeraha la zamani ni M87.2. Na mfupa uliokufa kwa sababu ya magonjwa ya damu kama siko seli uko peke yake kabisa, M90.4. Mtu aliandika kitabu kizima ili ugonjwa wa besti yangu uwe na mahali pake, na sisi tukamwekea M25.5, msimbo ule ule wa mzee aliyebeba gunia la viazi vibaya.

Yule afisa akaandika upya. Mistari minne tu: ana siko seli, maumivu ya usiku miezi 10, mkono hauinuki kupita bega, eksrei ina mabadiliko, tunashuku AVN. Ombi likapita. Ugonjwa haukubadilika kati ya fomu ya kwanza na ya pili, wala bega.

MRI ikathibitisha Agosti. Hatua ya pili, mpira bado duara. Waliangalia nyonga pia, kwa sababu mfupa ukifa mahali pamoja kwa mtu kama huyu mara nyingi kuna kwingine. Nyonga ziko sawa. Tulikula nyama siku hiyo.

Halafu tukapewa barua ya kumpeleka kwa daktari wa mifupa, na barua ikasema bega la KUSHOTO.

Manze. Ripoti ya MRI imesema kulia. Kidonda cha usiku ni kulia. Barua ya kwenda kwa mtu mwenye kuchimba mifupa imesema kushoto. Aliyeona kosa hilo ni besti mwenyewe, ndani ya matatu, tukiwa tumeshafika Makutano. Tulishuka tukarudi. Aliyeandika aliomba msamaha na akabadilisha, alikuwa amechoka, foleni ilikuwa imefika nje. Ninamwelewa kweli. Mtu anayeona wagonjwa bila kupumzika tangu asubuhi atakosea. Ndio maana nasema mgonjwa asome karatasi yake kabla ya kutoka mlangoni, si kwa sababu daktari ni mbaya, ila yeye ndiye mtu pekee pale ndani mwenye bega moja tu la kufikiria.

Najua wengine mtasema, "Lakini hii ni siko seli, mimi sina." Sogea karibu basi, hasa nyinyi madem mnaonunua tembe za kunenepa.

Sababu nyingine kubwa ya mfupa kufa ni steroidi. Predinisoloni, deksamethasoni, hizo. Ni dawa za maana sana, zinaokoa watu wa pumu na magonjwa mengine mengi. Zile za kuokoa maisha wakati wa Korona mwaka wa 2020, deksamethasoni ilikuwa mojawapo. Shida ni kuzitumia kwa wingi na kwa muda mrefu bila mtu anayekufuatilia. Na kuna tembe zinauzwa mtaani kwa karatasi isiyo na jina, za kuongeza mashavu na makalio, ambazo ndani yake ni deksamethasoni. Mashavu unayoyaona yakijaa ni maji na mafuta. Mfupa haupigi kelele wakati huo, unaweza kuanza kuuma miezi au hata miaka baadaye, na ukifika hospitali hutakumbuka kutaja tembe za mwaka juzi. Pombe nyingi ya muda mrefu pia inaua mifupa. Na kuanguka na boda ukavunja bega juu kabisa, mishipa inakatika papo hapo. Hata wapiga mbizi wanapata, wakipanda juu haraka kutoka kilindini, kwa hivyo jamaa zangu wa Pwani mko kwenye orodha.

Tahadhari moja: kama daktari amekuandikia steroidi, usiache ghafla kwa sababu ya hii posti. Kuacha ghafla kunaweza kukuangusha vibaya, mwili unakuwa umesahau kutengeneza za kwake. Nenda uongee naye apunguze polepole. Ninaowasema ni wanaojiandikia wenyewe kwa kemisti.

Matibabu yenyewe, nitasema ukweli, hayana miujiza. Mfupa uliokufa huwezi kuufufua kwa tembe. Ukiwa hatua za mwanzo unapunguza kazi za kuinua mkono, unafanya fizio bega lisigande, unatibu chanzo. Besti ameanzishwa haidroksiyurea, inapunguza zile chembe kujikunja. Diklofenaki ameachishwa, kwa sababu kutumia hizo sindano mfululizo ni kucheza na figo, na figo za mtu wa siko seli tayari zina kazi ngumu. Kuna upasuaji wa kutoboa mfupa ili kupunguza shinikizo ndani na kualika damu mpya, na kuna kubadilisha kichwa chote kwa chuma ikifika hatua za mwisho. Kuhusu kutoboa, madaktari wenyewe hawakubaliani. Utafiti mmoja wa 2006 kwa wagonjwa wa siko seli, lakini wa nyonga, uliona kwamba waliotobolewa na kufanya fizio hawakupata nafuu zaidi ya waliofanya fizio peke yake kwa hiyo miaka michache. Bega lina bahati moja ukilinganisha na nyonga, halibebi uzito wa mwili, kwa hivyo mtu anaweza kuishi nalo vizuri muda mrefu likigunduliwa mapema. Neno kubwa hapo ni mapema. Kubadilisha kiungo ukiwa na miaka 21 si kitu unakimbilia, kwa sababu vyuma vinachakaa na wewe bado una miaka mingi ya kuishi.

Kwa hivyo ukitoka kliniki, angalia kama karatasi ina ugonjwa wanaoushuku, si ulichosema wewe. Kama bado hawajui, waandike hawajui na wanapanga kuangalia nini wiki sita zijazo. Angalia upande. Angalia kama ile sababu yako, siko seli, steroidi, ajali, pombe, imeandikwa, hata kama inakuaibisha. Hasa kama inakuaibisha. Piga picha kila karatasi na usiwaachie filamu yako bila kuuliza. Hii si kiburi. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mhudumu anafaa kukueleza hali yako ya afya, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako wanazoweka. Huombi fadhila. Ongea kwa heshima tu, "daktari, naomba niandikie mnashuku nini", usiende huko na simu ukirekodi kama TikTok.

Kuna mtu ameniambia nawatisha watu, kwamba sasa kila mwenye bega linalouma ataomba MRI. Hapana. Mabega mengi yanayouma ni misuli, yanapona. Lakini bega linalokuamsha usiku miezi mitatu, kwa mtu mwenye mojawapo ya hizo sababu, si misuli hadi ithibitishwe. Na kuuliza hakugharimu kitu. Miezi 11 ndiyo imegharimu, na deni hilo halilipwi na kliniki, linalipwa na msichana aliyekuwa anajilipia keja kwa mikono yake.

Sai anasuka kidogo kidogo. Amenunua kale kakigoda kafupi, mteja anakaa chini kabisa, mikono yake inabaki usawa wa kifua. Mtu mmoja kwa wikendi, wakati mwingine hakuna. Miadi ya daktari wa mifupa ni Jumanne ijayo, watapiga eksrei tena kuona kama mpira bado ni duara. Jana usiku alinitumia picha ya ile barua mpya. Amezungushia neno "kulia" kwa kalamu nyekundu, mara mbili, na chini yake ameandika kwa mwandiko wake mwenyewe: siko seli, tangu kuzaliwa.